Acheni kuilisha sheli barua za watu



Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na leo narudi nikiwa na hasira. Si za siasa, msikimbie. Ni hasira za mstari mmoja tu:

    mafuriko: "|/opt/sms/pokea.sh"

Kwa wale ambao hawajawahi kufungua faili la /etc/aliases kwenye tarakilishi ya Unix: mstari huo unaiambia seva kwamba barua pepe ikija kwa anwani ya "mafuriko", isiiweke kwenye sanduku la mtu yeyote. Ianzishe programu inayoitwa pokea.sh, kisha iimwagie barua yote kupitia bomba (ndiyo kazi ya kile kijiti cha wima). Programu inasoma, inafanya inachofanya, inakufa. Barua nyingine ikija, inaanzishwa tena. Mimi napenda sana mtindo huu. Ni njia rahisi mno ya kuunganisha dunia ya nje na programu yako, na kwa sababu ni rahisi kila mtu anaitumia, na karibu kila mtu anaitumia vibaya.

Mstari huo niliukuta Garsen, wakati wa mvua za vuli za 2023.

Wanaoijua Garsen wanajua mambo yake na maji. Mto Tana unatoka milimani huko juu, unapita kwenye mabwawa matano, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, unashuka Garissa, unapita Hola, unafika Garsen, halafu unajitawanya kwenye delta kabla ya kumwagika baharini Kipini. Mvua ikinyesha Mlima Kenya na Aberdare, Garsen inaweza kuwa kavu kabisa, jua la kupasua utosi, kumbe maji yako njiani. Yanachukua siku kadhaa kufika. Siku hizo kadhaa ndizo mali yote aliyo nayo mtu wa delta. Akipata habari mapema anahamisha watoto, mahindi na mifugo. Asipopata, anaamka usiku godoro limelowa. Ilikuwa hivyo 1997, ikawa hivyo 2018, ikawa hivyo 2023 na tena 2024.

Basi shirika moja dogo (jina naliacha, ni watu wazuri) lilikuwa na mfumo wake. Msoma kipimo cha mto, au mtu wa ofisi yoyote inayofuatilia maji, anatuma barua pepe kwa anwani ya mafuriko. Programu inachukua mada ya barua, inaigeuza SMS, inaituma kwa orodha ya namba za vijijini. Kabla hamjaniuliza mbona si WhatsApp: ofisi huandikiana kwa barua pepe, na barua pepe ina sifa moja ambayo watu wa siku hizi wameisahau. Mtandao ukikatika, inakaa foleni na kungoja. Huku kwetu mtandao kukatika si habari.

Wazo lilikuwa zuri. Tatizo lilikuwa ndani ya pokea.sh, iliyoandikwa na fundi aliyetangulia, ambaye siku hizo alikuwa hapokei simu:

    #!/bin/sh
    BARUA=$(cat)
    MADA=$(echo "$BARUA" | grep '^Subject:' | head -1 | cut -c10-)
    sh -c "/opt/sms/tuma --ujumbe '$MADA'"

Mistari minne. Tazameni huo wa mwisho. Mada ya barua, yaani maneno yaliyoandikwa na mtu yeyote duniani mwenye anwani ya barua pepe, yanapachikwa katikati ya amri, kisha amri inakabidhiwa sheli iisome. Sheli (si ile ya mafuta, ni ile programu inayosoma amri zako kwenye Unix) haijui yapi ni maneno yako na yapi ni ya mgeni. Inaona maandishi tu, na maandishi inayatii.

Sasa subirini kidogo. Mnadhani nitaanza na wadukuzi kutoka ng'ambo. Hapana. Mfumo huu haukuvunjwa na mdukuzi. Ulivunjwa na Kiswahili.

Ilikuwa hivi. Mzee mmoja anayesoma kipimo alituma barua yenye mada "Hamisheni ng'ombe mapema". Barua ikamrudia, na chini yake Kiingereza kisichoeleweka kuhusu nukuu isiyofungwa. Mzee akadhani simu yake imeharibika. Tazama lile neno ng'ombe. Lina ritifaa, na kwenye sheli ritifaa ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Fundi alifungua kwa ritifaa, mzee akafunga bila kujua pale kwenye ng', halafu ritifaa ya fundi ya mwisho ikafungua tena na hakuna wa kuifunga. Sheli ikakasirika, ikatoka na namba 2, barua ikarudishwa. Lugha yetu ina ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, ng'aa, kung'atwa na mamba. Aliyeandika skripti hii ni mtu wa huku huku. Aliijaribu kwa kutuma "test", ikafanya kazi, akaenda zake.

Lakini hiyo ndiyo hitilafu nzuri, maana inapiga kelele. Mbaya ni ile inayonyamaza. Nikaketi nikaijaribu kwenye orodha yenye namba yangu peke yake, nikatuma barua yenye mada hii:

    Vusheni ng'ombe ng'ambo maji yakishapungua

Ritifaa ni mbili, kwa hiyo hesabu inatimia na sheli hailalamiki hata kidogo. Inachofanya ni hiki: inasoma kuanzia ritifaa ya fundi hadi ng', inaunganisha na "ombe", inafika kwenye nafasi, inakata. Neno la kwanza limeisha. Yaliyobaki yanakuwa neno la pili, ambalo programu ya kutuma haikuliomba, kwa hiyo inalitupa. Simu yangu ikalia. SMS ilisema:

    Vusheni ngombe

Nikaisoma mara tatu. Mfugaji aliye bondeni, mto unapanda, anapokea ujumbe kutoka kwa watu anaowaamini unaomwambia avushe ng'ombe. Yale maneno mawili ya mwisho yaliyobeba maana yote yameachwa kwenye seva. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Kumbukumbu za Postfix zinasema barua imefikishwa salama.

Na yakazidi. Simu nyingi za kisasa hubadilisha ritifaa ya kawaida kuwa ile iliyojipinda, ambayo haimo katika herufi za zamani za ASCII, kwa hiyo mada inafungwa kwa msimbo wa MIME kabla ya kusafirishwa. Skripti yetu haijui MIME ni mnyama gani. Inachukua ilichokiona, na mwanakijiji anapokea SMS inayoanza na =?UTF-8?B?SGFtaXNoZW5p na kuendelea hivyo hivyo. Hiyo ni "Hamisheni" ikiwa imevaa buibui.

Haya, sasa tuje kwa wadukuzi. Nilituma mada nyingine, bado kwa namba yangu peke yake:

    Salamu'; touch /tmp/nimefika; echo '

SMS ya "Salamu" ikaja. Nikaenda kuangalia /tmp, nikakuta faili la nimefika limekaa pale linaningoja. Yaani barua pepe, bila nenosiri, bila akaunti, imeamuru seva iunde faili, na seva imeitikia labeka. Badala ya touch ningeweza kuandika chochote.

Kuna mfano ambao nimekuwa nikiutumia kwa watu wasio wa tarakilishi. Unapeleka kifurushi stejini Garsen, unampa makanga wa basi la Malindi. Juu umeandika: "Ndizi za shangazi. Ukifika Malindi uza basi, pesa nitumie mimi." Makanga atacheka, ataweka kifurushi buti, ataendelea kuita abiria. Anajua kwamba yeye anabeba kifurushi, hafanyi kilichoandikwa juu yake. Sheli ingeuza basi.

Nilipoeleza hayo ofisini, jibu la kwanza nililopewa ndilo lililonitia hasira hadi nikakaa kuandika. "Sasa ndugu, nani atavamia seva ya Garsen?"

Nimelisikia swali hili Mombasa, nimelisikia Nairobi, nalisikia kila mahali penye mfumo mdogo uliojengwa haraka. Nalijibu hivi. Kwanza, programu zinazozunguka mtandaoni kutafuta seva zenye matundu haziulizi Garsen iko wapi. Zinajaribu anwani moja baada ya nyingine usiku kucha, hazina ramani. Pili, mnazungumza kana kwamba adui lazima atoke mbali. Hapa tulipo, Agosti 2012 hadi mwanzoni mwa 2013, Wapokomo na Waorma waliuana katika delta hii na watu zaidi ya 100 walikufa. Uvumi ulichochea. Ndiyo maana baadaye ikaanzishwa huduma ya Una Hakika hapa hapa Tana Delta, ambayo watu waliitumia kupeleka uvumi waliousikia ili uchunguzwe, kisha wakajibiwa kama ni kweli au si kweli. Kuna watu walifanya kazi miaka kwa sababu ujumbe mmoja wa uongo unaweza kuchoma kijiji. Halafu sisi tunajenga mlango ambao mtu yeyote mwenye barua pepe anaweza kuupitia na kutuma SMS kwa vijiji vyote, kwa jina wanaloliamini, na tunasema nani atakuja.

Na hahitaji kuwa root! Watu wa mifumo wakisikia "programu inaendeshwa na mtumiaji nobody" wanalala usingizi. Ni kweli, faili la /etc/aliases likiwa mali ya root, Postfix huendesha programu hizo kwa nobody, makusudi, ili madhara yawe madogo. Lakini nobody wa Garsen alikuwa na uwezo wa kusoma faili lenye nenosiri la huduma ya SMS na orodha ya namba zote, maana bila hivyo skripti isingefanya kazi. Fundi alipoona ruhusa zinamsumbua alipiga chmod 777 kwenye folda nzima. (Siku moja nitaandika kuhusu 777 peke yake, na nitaandika kwa wino mwekundu.) Orodha ya namba za watu na vijiji vyao, katika nchi yenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iko wazi kwa kila programu iliyo kwenye seva. Mwizi afanye nini na root wakati mali yote iko barazani?

Mnaosema haya ni mambo ya kufikirika, hebu tazameni historia. Tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, aliachia mnyoo uliosambaa kwenye maelfu ya tarakilishi za Unix. Mojawapo ya njia zake ilikuwa hii hii. Sendmail iliyoachwa kwenye hali ya DEBUG ilikubali mpokeaji wa barua awe bomba badala ya mtu. Mnyoo ulitaja bomba linalokata vichwa vya barua na kuimwaga sehemu iliyobaki ndani ya sheli. Mwili wa barua ukawa skripti. Mkasema hayo ya kale? Septemba 2014 ikaja Shellshock, na seva za qmail zilizokuwa zikipeleka barua kwa programu kupitia bash zikawa miongoni mwa zilizo hatarini, kwa sababu anwani ya mtumaji ilipitishwa kwenye vigezo vya mazingira na bash ikavisoma kama amri. Juni 2019 ikawa zamu ya Exim, safari hii kupitia anwani ya mpokeaji. Januari 2020 ikaja OpenSMTPD, kazi ya watu wa OpenBSD ambao dunia nzima inawasifu kwa usalama: anwani ya mtumaji haikukaguliwa vizuri, ikafika kwenye amri ya sheli. Watafiti wa Qualys walioligundua tundu hilo walisema wazi kwamba walichota ujanja wa mnyoo wa Morris, wakaufanya mwili wa barua uendeshwe kama skripti. Zaidi ya miaka 30, mchezo ule ule, na mpira haujabadilishwa.

Kama wale mabingwa walikosea, wewe na mimi na skripti yetu ya mistari minne tuna kiburi gani?

Sasa nataka kukaa kidogo kwenye jambo ambalo halina mdukuzi wala ritifaa, na ambalo kwa maoni yangu limepoteza barua nyingi kuliko wadukuzi wote: namba ya kuagia. Nilisoma sayansi ya kompyuta miaka minne. Nilifundishwa kupanga orodha kwa njia saba. Hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia namba 75.

Programu yako ikimaliza, inaiachia seva ya barua namba. Seva haisomi kingine. Ukiacha 0, umesema "nimepokea, iondoe kwenye foleni". Ukiacha 75, umesema "sasa hivi siwezi, nijaribu baadaye". Ukiacha karibu namba nyingine yoyote, umesema "haiwezekani kabisa, mrudishie mwenyewe". Sasa fikiria programu ya Python inayoanguka kwa sababu hifadhidata imelala. Inatoka na 1. PHP ikipata kosa kubwa inatoka na 255. Hizo zote kwa Postfix ni "haiwezekani kabisa". Yaani umeme umekatika kwa dakika tatu kwenye seva ya hifadhidata, na tahadhari ya mafuriko inarudishwa kwa mzee aliye ukingoni mwa mto, ambaye hana muda wa kusoma barua ya MAILER-DAEMON. Na juu ya hayo, Postfix huambatanisha kwenye barua inayorudi yale maneno programu iliyoyatapika wakati wa kuanguka. Nimewahi kuona nenosiri la hifadhidata likitumwa kwa mgeni kwa njia hiyo.

Ungeacha 75, Postfix ingejaribu tena baada ya dakika chache, na tena, kwa vipindi vinavyorefuka hadi zaidi ya saa moja, na kwa mipangilio ya kawaida haikati tamaa hadi siku 5. Namba moja tu!

Wapo waliokwisha kuungua na barua zinazorudi, nao wamepata dawa yao: wanaandika exit 0 mwisho wa kila skripti, liwalo na liwe. Hao ndio nawagombeza zaidi. Salio la SMS limekwisha, huduma imekataa, programu inasema sifuri, Postfix inafuta barua. Tahadhari imekufa, na hakuna aliyeandika hata tanzia.

(Kuna upande wa pili, niseme haki. Barua iliyokaa foleni siku 3 kisha ikatoka kama tahadhari mpya ni hatari yenyewe. Kwa hiyo programu iangalie saa ambayo seva yetu iliipokea barua, ile iliyoandikwa kwenye kichwa cha Received cha juu kabisa, si tarehe aliyoiandika mtumaji. Ikiwa ya zamani, impelekee mtu aamue.)

Mengine nayapitia haraka. Programu inayojibu barua isijibu kila kitu. Mwenzetu mmoja aliweka jibu la moja kwa moja la "niko likizo ya Idd", mfumo ukamjibu "ujumbe wako umepokelewa", sanduku lake likaujibu mfumo, na mashine mbili zikaamkiana usiku kucha huku kila salamu ikigeuka SMS. Kanuni ipo tangu 2004 kwenye RFC 3834: ukituma jibu la mashine, liwekee kichwa cha Auto-Submitted; ukipokea barua yenye kichwa hicho kinachosema imetoka kwa mashine, nyamaza; na anwani ya mtumaji kwenye bahasha ikiwa tupu, usijibu kamwe.

Na "From" si kitambulisho. Skripti nyingine niliyoionyeshwa ilikuwa na "ulinzi": ikiona anwani ya mkubwa fulani kwenye From, inaamini. Mtu yeyote anaandika anachotaka hapo, kama unavyoweza kuandika jina la chifu nyuma ya bahasha. Angalau pima sahihi ya DKIM kwenye seva yako mwenyewe, na tupa vichwa vya matokeo ya ukaguzi ambavyo barua imekuja navyo kutoka nje. Hata hivyo simu ya mzee inaweza kuibwa ikiwa imefunguliwa, na DKIM itasema barua ni halali kabisa. Kwa hiyo kwa tahadhari inayohamisha watu, mimi nilisisitiza binadamu awepo katikati. Mfumo unawapelekea watu wawili wa Garsen maneno kamili yatakayotoka, mmoja anajibu NDIYO, ndipo yanatoka. Nililaumiwa kwamba nimechelewesha mambo. Nimechelewesha dakika kadhaa kwenye maji yanayochukua siku.

Tulichoweka badala ya ile mistari minne si cha ajabu. Mstari wa /etc/aliases tuliufuta. Kwenye master.cf ya Postfix tuliandika:

    mto  unix  -  n  n  -  2  pipe
      flags=DR user=mto argv=/usr/local/libexec/pokea

pamoja na kikomo cha mpokeaji mmoja kwa safari moja, maana D inakidai. Njia hii ya pipe haipitii sheli kabisa; inaianzisha programu moja kwa moja. Inaendeshwa na mtumiaji wake mwenyewe, mto, asiye na kazi nyingine, na Postfix inakataa kabisa ukijaribu kuiendesha kwa root. Ile 2 inamaanisha programu mbili tu kwa wakati mmoja, ili barua elfu zikija pamoja zisiiangushe seva. Na tazama argv: hakuna kitu kutoka kwenye barua. Hata anwani ya mtumaji haimo. Programu inasoma barua kupitia bomba, basi.

Na pokea yenyewe ni bubu kwa makusudi. Haijui SMS wala hifadhidata. Inaandika barua kwenye folda ya tmp ya Maildir, inahakikisha imefika kwenye diski, inaihamishia new, inatoka na 0. Kukitokea lolote katikati, inatoka na 75. Huyo ndiye makanga wetu. Programu ya pili, yenye mtumiaji wake tofauti, ndiyo inayofungua barua kwa maktaba halali ya MIME, na ndiye peke yake anayeweza kusoma nenosiri la SMS. Inapoita programu ya kutuma, inaipa ujumbe kupitia bomba, si kwenye mstari wa amri. Mtu akitaka kuandika ritifaa 40, aandike. Na kwa kuwa barua moja inaweza kufika mara mbili (umeme ukikatika baada ya kuandika lakini kabla ya kusema 0), inakumbuka alama za barua ilizokwisha kutuma ili isimalize salio.

Wapo mtakaosema huu ni ushamba, siku hizi kuna huduma za wingu zinazopokea barua na kukuletea kwa HTTP. Sawa, tumieni. Mada itafika ikiwa na ritifaa zile zile, na ukiipachika kwenye amri itafanya yale yale. Ukijibu 200 kabla hujahifadhi barua, umesema exit 0 kwa lafudhi nyingine. Na wenye procmail, nawasalimu kwa heshima zote, lakini toleo la 3.22 lilitoka 2001 likakaa zaidi ya miaka 20 bila mrithi, na aliyewahi kulitunza ndiye aliyewashauri watu wa OpenBSD mwaka 2014 walitoe.

Kabla ya kila masika na kila vuli natuma barua za majaribio Garsen, kwa orodha ya namba yangu peke yake. Moja ina ng'ombe mmoja. Moja ina ng'ombe na ng'ambo. Moja ina ritifaa iliyojipinda. Moja ina ile "Salamu" yenye mkia. Halafu nazima hifadhidata kwa makusudi, natuma ya tano, nahesabu dakika. Mara ya mwisho ya pili ilirudi kwenye simu yangu maneno yote matano, maji yakishapungua yakiwemo, na ya tano ilikaa foleni dakika 11 ikatoka yenyewe nilipoiwasha. Nikafunga tarakilishi nikaenda stejini kutafuta chai.